Mama msomaji katika nyumba ya mwambao: kitabu kikae wapi, kisomwe lini, kitunzwe vipi?

KidakaChaTatu (mwanzisha uzi)
Assalaam alaykum, na habari zenu wa Lamu na wa Malindi. Uzi huu ni wa akina mama wapenda vitabu wenye nyumba ya kuendesha, watoto wa shule na wa chuoni (madrasa), na bahari inayopumulia rafu zao. Leteni maarifa: hatua, vipimo, kinachoharibika na sababu yake. Visa vya "mimi siku moja" vina nyuzi zake kule chini.

Naanza na wakati, maana ndio wa kwanza kusingiziwa. Mama mwenye nyumba hapati saa nzima ya kusoma. Hupata vipande, na vipande vyenyewe vinajulikana tangu asubuhi. Wali ukikauka maji ukapaliwa makaa juu ya kifuniko, una dakika 15 hadi 20 ambazo hautaki mkono wa mtu. Hizo ni kurasa saba. Kwa kurasa saba kila siku, kitabu cha kurasa 200 huisha kwa siku 29. Sharti ni moja: kitabu kiwe pale kazi inapokatika. Nyumba nyingi za mawe za Lamu jiko liko juu, darini. Kitabu kikiwa kimelala ndani, chini, hicho kipande kinaliwa na ngazi. Ndiyo sababu ya kuwa na vitabu viwili vinavyosomwa kwa pamoja: chepesi cha juu, kizito cha chini karibu na kitanda. Vitatu ni vingi, visa huanza kuchanganyika.

BintiLangoni
Waalaykum salaam dada Kidaka. Hapo kwa jikoni nina neno. Kitabu cha jikoni kina maadui watatu: masizi, mvuke na tui. Tui ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mafuta ya nazi hupenya karatasi, hufanya doa linaloangaza, na halitoki. Aliyetoka kukuna nazi aoshe mikono kwa sabuni na kuikausha kabisa. Kupangusa kwenye kanga hakutoshi, mafuta hubaki kwenye vidole.

Kitabu kisilale mezani, kisimame. Marufaa ya mbao, yale ya ubao mmoja uliopasuliwa na kufumana bila msumari, hushika kitabu wazi na kuacha mikono huru. Ila chongesheni ya pili kwa ajili ya hadithi, ndogo, upana wa sentimita 20 au hivi. Ile ya msahafu ibaki ya msahafu. Iwekeni upande upepo unakotokea, si unakoelekea, angalau hatua mbili kutoka kwenye seredani, lile jiko la makaa. Jioni ya kukaanga samaki, kitabu kisipande juu kabisa.

Alama ya ukurasa: ukindu mmoja mkavu usiotiwa rangi unatosha. Ukili uliosukwa ni mnene, hutanua mgongo wa kitabu mpaka gundi ipasuke. Na ukindu wa rangi ukipata unyevu hutoa rangi yake, mkesha mmoja tu ukurasa una mstari mwekundu.

MamaPacha_MLD
Na aliye na mtoto mchanga? Mikono haipo kabisa.

BintiLangoni
Mama Pacha, wakati wa kunyonyesha kitabu cha karatasi ni taabu, simu ndiyo nafuu. Tafuta faili la EPUB badala ya PDF. PDF ni picha ya ukurasa, ukiikuza maandishi hutoka nje ya kioo na unasukuma kushoto na kulia kwa kidole. EPUB hupanga mistari upya kulingana na ukubwa wa herufi unaoutaka. Punguza mwanga wa kioo, na uzime data ili ujumbe usije kati. Kusoma kwa simu ambayo inalia kila dakika si kusoma.

MwalimuGredi4
Nami nizungumzie watoto, kwani mama msomaji asiyesoma kwa sauti nusu ya raha anaila peke yake.

Kipande bora ni baina ya magharibi na isha. Huku kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima, na isha huingia kiasi cha dakika 70 baadaye. Ukitoa swala, juzuu ya mtoto na chakula, zinabaki dakika 15. Zitumieni hizo hizo kila siku. Kusoma kwa sauti ni polepole kuliko kusoma kimya: ukurasa wenye maneno 250 huchukua dakika mbili na zaidi, kwa hiyo dakika 15 ni kurasa sita. Sura ikiwa ndefu, kata penye swali, si penye jibu. Mtoto ataleta kitabu mwenyewe kesho.

Kuchagua kiwango: mpe mtoto asome ukurasa mmoja, na kila neno asilolijua akunje kidole. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho ni cha kusomewa, bado si cha kusoma mwenyewe. Kisirudishwe rafuni, kihamie tu mikononi mwa mama.

Sasa jambo ambalo walimu wageni huliharibu kila mwaka. Mtoto wa Lamu anasema Kiamu nyumbani. Akiona "njia" akatamka "ndia", akiona "macho" akatamka "mato", "maji" yakawa "mai", huyo hajakosea kusoma. Amesoma, ameelewa, akaleta neno la nyumbani. Msimkatize katikati ya sentensi. Mwacheni afike nukta, kisha rudini: "Hapa pameandikwaje?" Shida ya kweli ni maneno yenye sura moja na maana mbili. "Ndoo" kitabuni ni chombo cha maji, kwa bibi yake ni "njoo". "Tupa" kitabuni ni kurusha, nyumbani ni chupa. Mtoto akisoma sentensi vizuri lakini uso umekunjamana, tazameni kwanza maneno ya aina hiyo kabla ya kusema hajui kusoma. Daftari la kurasa mbili linatosha: kushoto neno la nyumbani, kulia la kitabuni. Mwandike pamoja, na asiambiwe kwamba la kushoto ni baya.

KidakaChaTatu
Maashallah mwalimu. Hata neno "chuo" lenyewe: wazee wa hapa walilitumia kwa kitabu, leo mtoto akisikia chuo anachukua juzuu na kofia.

Shella_Kusi
Tuje kwenye unyevu, maana ndio unaomaliza vitabu kabla watu hawajavimaliza.

Karatasi hustarehe kwenye unyevu wa hewa wa asilimia 35 hadi 55. Ukipita 65 na hewa ikiwa imetuama, kuvu huanza. Mwambao huu mara nyingi uko juu ya 70, kwa hiyo msijidanganye mtaishusha hewa. Kazi yenu ni kuifanya itembee. Kuvu hupenda hewa iliyolala.

Vidaka vya ndani, vile vishubaka vya ukutani, ni vizuri kwa macho, vibaya kwa vitabu. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na kuyatoa taratibu, na nyuma ya kidaka hakuna upepo. Anayetaka kuvitumia aweke ubao mwembamba nyuma, umetenganishwa na ukuta kwa vipande vya mbao unene wa vidole viwili, na vitabu visijazwe hadi juu. Vidaka vya chini kabisa viachieni vyombo.

Rafu ya kawaida: sentimita 5 kutoka ukutani, ubao wa chini sentimita 15 kutoka sakafuni, kwa sababu ya mchwa na maji ya kupigia deki. Kina cha sentimita 20 kinatosha, na vyumba vyetu ni vyembamba kwa kipimo cha boriti, msivizibe. Vitabu visibanwe. Kidole kiingie kwa urahisi juu ya mgongo na kitabu kitoke bila kuvutwa kichwa. Kabati la mlango wa kioo huonekana la heshima, lakini bila matundu juu na chini linageuka chungu cha mvuke. Vivyo hivyo kwa majalada ya plastiki: kivike kitabu karatasi ya khaki, acha mikunjo ya sentimita 6 kila upande, na usibandike gundi wala selotepu kwenye gamba lenyewe.

Anikeni vitabu wakati wa kaskazi, Januari na Februari, hewa inapokuwa kavu zaidi. Saa nne hadi saa nane, kivulini, wazi kama feni, kwenye msana (ukumbi) unaopata upepo wa kiwanda, yaani ua wa ndani. Msivipeleke juani: jua hukausha gundi, hupinda gamba na kufifisha wino. Masika yakianza, kazi ni kukagua kila wiki mbili, kwa pua kwanza. Harufu ya kuvu hutangulia doa.

TajiUpepo
Weka vidonge vyeupe vya kabatini kila rafu, kwisha kazi.

Shella_Kusi
Ami, samahani, hapo hapana, hasa nyumba yenye watoto. Vidonge vile vingi ni vya nafthalini. Mtoto mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hali hiyo ni ya kurithi na ipo sana katika sehemu zilizozoea malaria kama mwambao wetu, akivuta harufu yake kwa muda au akavaa nguo iliyokaa nayo, chembe nyekundu za damu zake huweza kupasuka. Macho huwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, mtoto hulegea. Hilo ni la kukimbilia hospitali, si la kusubiri. Na kitoto kinachotambaa hukiona kidonge kama peremende.

Majani ya mwarobaini hufaa kidogo, yakiwa yamekauka hadi yanavunjika mkononi, ndani ya mfuko wa kitambaa, yakibadilishwa kila miezi miwili. Mabichi huleta unyevu uleule tunaoukimbia. Karafuu nazo ziwe mfukoni, mafuta yake hutia doa. Lakini kusema kweli, harufu hizi hufukuza wadudu wachache tu. Kinachofukuza wengi ni ufagio na kutokula juu ya vitabu.

FundiJalada
Habari zenu, niko upande wa Malindi. Tofautisheni wadudu kwanza, maana kila mmoja na alama yake. Mende hula gundi na gamba la kitambaa, huacha vinyesi kama kahawa iliyosagwa. Yule mdudu mdogo wa rangi ya fedha mwenye mikia mitatu hukwangua juu juu, ukurasa unakuwa mwembamba kama umepigwa msasa. Vitundu vya mviringo vinavyopenya kurasa nyingi ni vya fukusi. Udongo mkavu kwenye kona ya rafu ni mchwa, na hapo shida si ya kitabu tena bali ya nyumba.

Kwa fukusi, friza. Tia kitabu kikavu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, funga kwa tepu, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Ukitoa, usifungue mpaka kesho yake saa ileile. Ukifungua kikiwa baridi, mvuke wa hewa yetu hugeuka maji juu ya kurasa; ukiacha kimefungwa, maji hujikusanya nje ya mfuko. Umeme ukikatika siku ya tatu friza ikayeyuka, anza kuhesabu upya.

Kuvu ikishaota: usifute kwa kitambaa kibichi. Unasambaza mbegu zake na kuzinywesha. Kausha kitabu kwanza kivulini, vaa barakoa, nenda nje, simama upepo ukiwa mgongoni, sugua kwa brashi laini ukielekeza mbali nawe. Doa litabaki, lakini kuvu imelala.

Nahodha_Mokowe
Na kilichoanguka baharini? Maboksi ya vitabu yakishuka basini Mokowe hupanda boti kwenda kisiwani, na wimbi la kusi halina adabu.

FundiJalada
Kaka Nahodha, watu hukosea palepale: wanakianika na chumvi yake. Chumvi huvuta maji ya hewani, kitabu hicho hakitakauka milele, kila masika kitalowa chenyewe. Kikiwa kimefungwa, kibonyezwe kidogo, kitumbukize kwenye beseni la maji baridi matamu, badilisha maji mara mbili au tatu. Usifungue kurasa ndani ya maji, zitachanika. Hilo ni kwa vitabu vya chapa tu. Kitabu cha zamani kilichoandikwa kwa mkono msikisuuze, wino wake huenda ukaondoka na maji.

Kisha kisimamishe kwa kichwa juu ya taulo, dakika 20 kivuje. Weka karatasi nyeupe za kunyonya kila kurasa kumi, si zaidi, mgongo usije ukapasuka, na uzibadilishe kila saa mbili mwanzoni. Gazeti lisitumike, wino wake huhama. Feni ipulize chumbani, si usoni mwa kitabu. Kikifika hali ya kuwa baridi mkononi lakini si kibichi, kilaze kati ya mbao mbili, weka mawe au madumu ya maji juu, siku tatu. Kuvu huanza ndani ya saa 48, kwa hiyo kama vitabu ni vingi na mikono ni michache, fungeni vilivyobaki kwenye mifuko mvitie kwenye friza vikiwa vibichi; vitasubiri zamu yao. Vya karatasi ya kung'aa, vya picha za watoto, vianze kabla ya vingine vyote. Vikikauka vimefungwa kurasa hushikana zikawa kipande kimoja, na hapo hata mimi fundi naweka mikono chini.

Nahodha_Mokowe
Shukran. Kwa wanaoagiza: kila kitabu mfuko wake kabla ya boksi, kisha boksi lote ndani ya mfuko mkubwa. Boksi lisipite kilo 15. Na likabidhiwe mtu, si boti.

MamaPacha_MLD
Hadithi za watoto kwa Kiswahili zinapatikana wapi bila kutoboka mfuko?

MwalimuGredi4
Mama Pacha, kuna African Storybook na StoryWeaver. Zote ni bure, leseni yake inaruhusu kupakua na kuchapa, na Kiswahili kimo. Chagua hadithi zenye kurasa 12 au 16, upeleke saiba. Waambie wachape kama kijitabu: karatasi ya A4 ikikunjwa huwa kurasa nne za A5, kwa hiyo kurasa 16 ni karatasi nne tu. Pande mbili zigeuzwe kwa ukingo mfupi. Wakigeuza kwa ukingo mrefu, kila ukurasa wa nyuma unatoka kichwa chini, na pesa umeshalipa. Chapisheni karatasi moja ya majaribio kwanza. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 16 na wa 1 upande mmoja, wa 2 na wa 15 upande wa pili. Ikiwa hivyo, endeleeni.

FundiJalada
Na msibane kwa stepla. Pini za chuma kwa hewa hii huota kutu ndani ya masika moja na kutoboa karatasi. Shoneni, ni dakika tano.

Kunja karatasi zote pamoja, sugua mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa msharasi au shazia: la kati sentimita 10 na nusu, mengine mawili sentimita 4 kutoka kila ncha. Uzi uwe sentimita 55. Ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, acha mkia wa sentimita 7 ndani. Rudi ndani kwa tundu la juu. Ndani humo ruka la kati, shuka hadi tundu la chini, toka nje. Rudi ndani kwa la kati, ukiangalia sindano isipasue uzi uliotangulia. Sasa una mikia miwili. Mmoja upite kushoto kwa ule uzi mrefu, mwingine kulia, ufunge fundo juu yake. Mikia yote ikiwa upande mmoja fundo halishiki kitu, kijitabu kitalegea wiki ya kwanza.

Mtoto wa miaka saba anaweza kushona mwenyewe, mama akitoboa. Alichokishona hakichani.

BintiLangoni
Kwa mabinti wakubwa, ongezeni tenzi. Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ulitungwa na mama, wa visiwa hivihivi, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Beti 102, kumi kwa usiku, siku kumi na moja umekwisha. Kila kipande mizani nane, mtoto ahesabu kwa vidole vya mkono mmoja mara mbili akiruka gumba, atajua mwenyewe alipomeza silabi. Yale ya mke na mume yazungumzwe, yasiachwe yakapita kama amri wala yasirukwe. Binti ana maoni yake, na mama akisikiliza atajua mengi.

Shella_Kusi
Hapo kwa vitabu vya mkono vya mababu, kama nyumba inavyo: visibandikwe selotepu, visitiwe ndani ya plastiki ya kugandishwa kwa moto. Vilazwe, visisimamishwe, ndani ya boksi safi. Na kurasa za juzuu zilizochakaa haziendi jaani. Zikusanywe mfukoni apelekewe mwalimu wa chuo.

KidakaChaTatu
La Ramadhani, fupi: kipande cha wali hakipo, na baada ya alasiri jikoni panawaka. Hamishieni kusoma baada ya adhuhuri, wakati nyumba imelala. Kitabu kiwe chepesi, kwani usingizi wa daku unalipwa saa hizo.

Na kuazimana: daftari lenye safu nne, jina la kitabu, aliyechukua, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Wiki tatu. Aandike mkopaji mwenyewe, kwa mkono wake, aliyeandikiwa husahau. Watoto wawe pia na mazoea ya maktaba iliyo katika Ngome ya Lamu, lile jengo lililokuwa jela hadi 1984. Wakiingia huko wakajua kunyamaza, nusu ya kazi imefanyika.

MamaPacha_MLD
Fundi, uzi gani hasa? Nyumbani upo wa nailoni wa kuvulia, ni imara.

FundiJalada
Imara kupita kiasi, mama. Nailoni hukata karatasi kama wembe na fundo lake hufunguka lenyewe. Chukua uzi wa pamba, ule wa kushonea kofia, uukunje mara mbili (zile sentimita 55 ni baada ya kukunja), uupitishe juu ya kipande cha nta mara tatu. Kama nta hakuna, mshumaa.